Siku Tatu Chini ya Ngazi

Sakina alinipigia simu kuniambia kwamba arobaini ya mama yake itasomwa Jumamosi, pale pale nyumbani kwao Chumbageni, na kwamba baada ya hapo nyumba itauzwa, kwa hiyo kama nina chochote cha kuaga nije nikiage. Nilikaa siku mbili nikijiuliza alikuwa na maana gani. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia karibu chai, nitafikiri mpaka chai ipoe kama amenikaribisha kwa moyo au kwa adabu tu. Umri umenipunguzia nguvu za magoti lakini hilo haujalipunguza. Hata hivyo nilikwenda, nikapanda ngazi zile za mbao nikishika ukuta, na baada ya dua tukakaa wanawake sita kuizunguka sinia moja kubwa, tukaanza kwa chembe ya chumvi kama Mama Sakina alivyonifundisha zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Kiti chake karibu na dirisha kilikuwa kimeachwa wazi. Hakuna aliyekuwa amesema kiachwe wazi.

Tulipomaliza kunawa, Naila, bintiye Sakina, alikuja kuketi karibu yangu. Anafanya kazi kwenye maabara ng'ambo, na alikuwa amesikia kwamba mimi nilisomea kemia. Alifungua mkoba wa miwani akatoa kipande cha plastiki chembamba kama ganda la kitunguu, juu yake michoro myeusi yenye ukijani, laini kama nywele. Akagusisha betri ya saa upande mmoja, na upande wa pili kitaa kidogo kikawaka. "Anti Riziki, hapa hamna waya hata mmoja," alisema. Akanieleza kwamba wanapaka plastiki ya aina yake, kisha leza inachora juu yake, na pale inapopita plastiki yenyewe ndiyo inakuwa njia ya umeme. Akaikunja kama tiketi, na kitaa kikaendelea kuwaka. Jua la mchana lilikuwa likiingia dirishani moja kwa moja, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimekifunika kile kipande kwa kiganja changu. Sakina akacheka mpaka akashika ubavu. "Mtazame! Bado anaogopa jua."

Naila hakuelewa. Hakuwa amezaliwa mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na shahada ya kemia, na barua ya ajira ambayo waliotutangulia waliipata kabla hata ya kuvua majoho, kwetu haikuja. Serikali ilikuwa inapunguza watu. Viwanda vilivyokuwa vituchukue vilikuwa vinafunga mageti au vinatafuta wanunuzi. Wakati huo huo madukani vitu vilikuwa vimerudi: sabuni za harufu, redio za kaseti, maziwa ya kopo, vyote vikitoka Dubai na Mombasa. Ulikuwa wakati wa ajabu kwa msomi. Miaka ya shida tulikuwa na hakika ya kazi na hatuna sabuni. Sasa sabuni imejaa na kazi hakuna. Nilipanga chumba Nguvumali, chumba chenye bati linalovuja mahali patatu, nikaweka masufuria mawili na bakuli moja. Katika begi nilikuwa na cheti, nguo, na kurasa kumi na moja za nakala kivuli zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Kurasa hizo alinipa mwalimu wangu mmoja, mwaka wa mwisho. Zilizungumzia plastiki inayopitisha umeme. Darasani tulipozisikia kwa mara ya kwanza wenzangu walicheka, kwa sababu kila mtu anajua kazi ya plastiki ni kuuvika waya usikupige. Mimi sikucheka, nilikaa usiku kucha nikiwaza kwamba kama hilo ni kweli, basi kuna mambo mangapi mengine tuliyoambiwa ambayo siyo. Nilitaka kuitengeneza. Maabara yetu haikuwa na kemikali, na kwa muhula mzima haikuwa na maji ya bomba. Niliandika insha badala ya kufanya jaribio, nikapata alama nzuri, nikabaki na kurasa zangu kumi na moja.

Kwa Bwana Akberali, baba yake Sakina, niliingia kununua bahasha. Duka lake la vifaa vya ofisi na uchapaji lilikuwa chini, na familia ikiishi juu. Nilimkuta ameketi mbele ya mashine nyeupe mpya, kitabu cha maelekezo kimefunguliwa kifuani kama mtu anayejipepea. Ilikuwa printa ya leza, ya kwanza mtaani kwetu. Ili kuinunua alikuwa ameuza mashine ya chapa ya kukanyaga kwa mguu aliyoachiwa na baba yake, na majirani walikuwa wameshaanza kumuuliza lini atawachapia kitu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaniuliza kama najua Kiingereza cha kitabu. Nilipomwambia nimesomea kemia alikifunga kile kitabu. "Basi kaa hapa, Bibi Kemia," alisema. "Mimi hiki nimekisoma mara mbili na nimefika kwenye plagi."

Nami nilikisoma, na kwenye ukurasa wa onyo nikasimama. Ndani ya mashine ile kulikuwa na kitu kinachoitwa dramu: bomba la aluminiamu lenye urefu wa mkono, limepakwa utando wa kijani unaong'aa kama shingo ya njiwa. Utando ule ulikuwa plastiki. Gizani hushika umeme juu yake na kutulia, kama plastiki zote. Leza ikiugusa mahali, pale tu plastiki hupitisha umeme na kuuacha utoroke, na unga mweusi wa tona hunata hapo hapo; kisha unga unahamia kwenye karatasi, moto unauyeyusha, na hiyo ndiyo herufi. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kitu nilichokitafuta chuoni kwa mwaka mzima kilikuwa Chumbageni, katikati ya mihuri ya mpira na madaftari ya mistari. Siku ile nilirudi Nguvumali kwa miguu ili nipate muda wa kufurahi, na nilipofika nilikuwa nimeshapata sababu saba za kuogopa.

Miezi ile niliyofanya kazi dukani kwake naikumbuka kwa milio na harufu. Nyumba ilikuwa na milango minane na yote ililia, kwa sababu chumvi ya bahari ilikuwa imekula bawaba. Mama Sakina alimlalamikia mumewe kila siku. Yeye alijibu kwamba mlango unaolia ni mlinzi asiyelala. La ajabu ni kwamba mafuta alikuwa nayo. Mfukoni mwa shati lake hakikukosekana kikopo cha mafuta ya cherehani, mdomo wake umepinda, alichokitumia kwa mashine ya baba yake. Mashine ilikuwa imeshauzwa, kikopo kikabaki. Nilidhani ni majonzi, na nilimwonea huruma. Mchana nilikula juu na wanawake: wali wa dengu waliouita kichri na mchuzi wa mtindi waliouita kadhi, papadi za kukaanga, achari ya embe mbichi iliyonitoa machozi mpaka Mama Sakina akasema chuo kikuu hakikunifundisha kula. Bwana Akberali alikuwa akikohoa kabla ya kupanda ngazi, kikohozi kimoja kikavu, nasi tukajiweka sawa. Walikuwa wakizungumza Kigujarati haraka haraka na kunifikishia Kiswahili kilichobaki, na kilichobaki mwaka ule kilikuwa harusi ya Sakina. Bwana harusi alikuwa wa Mombasa. Baba yake Sakina alikuwa ameshawaambia wakwe kwamba kadi atachapa mwenyewe kwa leza, na shemeji yake mmoja angesafiri nazo Jumamosi.

Masika yakaingia wiki moja kabla ya safari hiyo. Karatasi zikavimba, tona ikaganda kama unga wa muhogo uliopigwa na umande, herufi zikatoka zimekwaruzika. Nilizunguka nyumba nzima nikisema adui ni unyevu, unyevu ndio unaotumaliza. Nilisema juu, nilisema chini, nilisema huku natafuna. Jumatatu niliitoa dramu niifute, nikaizungushia buibui langu kavu ili mwanga usiifikie, nikaiacha mezani nyuma ya duka, nikaenda kula. Mvua ilikuwa imekatika ghafla na jua likatoka kali. Yeyote aliyeishi Tanga anajua nyumba inavyokuwa jua likitoka katikati ya masika: magodoro, mito, pilipili, vitabu, kila kitu kinakimbizwa kwenda kuanikwa kabla mbingu haijabadili nia.

Niliporudi nikakuta buibui langu limekunjwa vizuri sana juu ya kiti.

Nilipanda ngazi zote mpaka juu ya paa, na pale, kwenye mkeka, kati ya chupa mbili za achari na kanzu za Bwana Akberali, dramu ilikuwa imelala uchi juani, imegeuzwa upande wa pili ili ikauke sawasawa. Mama Sakina alikuwa ameinama anageuza pilipili. Aliniona akatabasamu. "Saa nzima sasa," alisema. "Nimekumalizia huyo adui yako." Nilimshukuru. Mpaka leo sijui niliutoa wapi ule asante, lakini nilimshukuru, nikaivika ile dramu buibui na kushuka nayo kama anayebeba mtoto mwenye homa. Niliirudisha kwenye mashine nikachapa ukurasa mmoja. Karatasi ilitoka nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo, inang'aa, bila herufi hata moja. Plastiki ilikuwa imekunywa jua kiasi kwamba haikuweza tena kushika umeme popote, na tona ikanata kila mahali.

Bwana Akberali aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Dramu nyingine ingetoka Dubai, miezi miwili ikienda vizuri. Nilipomweleza kwamba imeharibiwa na mwanga, aliniuliza nani aliyeipeleka huko. Katika muda wa kuvuta pumzi nilipima kila kitu. Nikimtaja mkewe, nitakuwa nimemwaibisha mama aliyenilisha tangu nifike, na kwa kosa lililotokana na maneno yangu mwenyewe. Nisipomtaja, nitakuwa msomi aliyeua mashine na kuchafua ahadi ya mwenye nyumba kwa wakwe zake. Na nje ya duka lile sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Mimi ndiye niliyeifungua nikaiacha mezani," nilisema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Nimeuza mashine ya baba yangu kwa ajili ya hii," alisema, taratibu, bila hasira. Hasira ingenifaa zaidi.

Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. Akaniuliza Ijumaa ikifika na iko vile vile itakuwaje. Nikamwambia nitaondoka mwenyewe, hatalazimika kuniambia.

Kitabu kilisema usiitoe kwenye mwanga. Hakikusema ukishafanya ufanyeje. Nilikaa nyuma ya duka na kurasa zangu kumi na moja, nikijaribu kufikiri kama mtu mwenye maabara. Mwanga ulikuwa umeufumua umeme ndani ya plastiki na umebaki unazurura humo. Ikipata giza kamili, na ukavu, na muda, huenda ungetulia. Huenda. Lakini giza kamili na ukavu katika masika ya Tanga ungevipata wapi pamoja? Chumba changu kilivuja. Kabati za duka zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Nilikuwa bado nawaza hivyo Mama Sakina aliposhuka, akasimama mbele yangu na funguo zake kiunoni. Sakina alikuwa amemwambia kuhusu karatasi nyeusi.

"Ni jua, siyo?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukunitaja?"

"Nilishindwa, mama."

"Ulishindwa, au ulinihurumia?"

"Vyote viwili."

Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye ngazi. Chini ya ngazi ya tatu, ubao niliokuwa nikiupita kila siku nikiudhani ukuta, alichomeka ufunguo mdogo kwenye tundu la fundo la mbao, na ubao ukafunguka. Ndani mlikuwa na nafasi ya kutosha katoni mbili, pakavu, pana harufu ya sabuni ya zamani, na giza kama la kisima. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka ya msako, askari walipokuwa wakiingia nyumba kwa nyumba kutafuta walioficha bidhaa, humo mlilala katoni mbili za sabuni na mfuko wa sukari. "Baba Sakina hajui," alisema. "Yeye akisema uongo masikio yanaiva mekundu. Walipokuja aliapa hakuna kitu, akaapa kwa moyo safi, kwa sababu sikumwambia. Sijamwambia mpaka leo. Na wewe usimwambie." Nikaahidi. Tuliilaza dramu ndani, imefungwa kwenye buibui na kuzungukwa na mifuko ya mchele mkavu inywe unyevu, akafunga. Mimi ninayesikia kila kitu sikulisikia jambo moja hapo, na nitalisema mwishoni kwa sababu na mimi nililijua mwishoni.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu kuliko miaka mitatu ya chuo. Kesho yake asubuhi Bwana Akberali aliniuliza dramu iko wapi. Nikasema nimeipeleka nyumbani, Nguvumali. Akauliza kama chumba changu hakivuji. Nikasema hakivuji. "Vizuri," akasema. "Mwambie mwenye nyumba wako asije akaingiza taa." Halafu akafanya jambo ambalo lilinikausha damu: akachukua kikombe chake cha chai, akaenda kuketi kwenye ngazi ya tatu. Hakuwa na desturi hiyo. Jumatano akaketi tena, na Alhamisi, asubuhi na alasiri, akinywa chai yake polepole na kumfokea kila aliyeacha mlango wa mbele wazi na kuingiza mwanga. Nilikuwa na hakika ameshanusa uongo wangu na anangoja nikiri. Mara mbili nilifika mbele yake nikiwa nimefungua mdomo, na mara mbili nikamwuliza kuhusu bahasha.

Ijumaa saa tano alisimama akajipangusa kanzu. "Nenda ukailete hiyo dramu," alisema. "Mimi nakwenda msikitini, sitarudi kabla ya saa nane." Tuliitoa mara tu alipopinda kona. Aliporudi, mashine ilikuwa tayari, na Mama Sakina amesimama katikati ya ngazi na tasbihi. Karatasi ya kwanza ilitoka ya kijivu kama jivu la jikoni. Ya pili ikapungua. Ya tatu ikawa kama mbingu inayotaka kufunguka. Ya sita ilitoka nyeupe, na katikati yake jina la Sakina limesimama jeusi, kila herufi na mkia wake, na ukingo wa kushoto tu ulibaki na kivuli chembamba. Bwana Akberali aliinyanyua kwenye mwanga akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. "Ukingo huu tutaukata," alisema. Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye vumbi la karatasi, nikalia kwa raha. Mama Sakina alirudi juu, na baada ya muda nikasikia kaimati zinalia kwenye mafuta.

Kadi zilikwenda Mombasa Jumamosi. Mimi nilibaki mpaka mwisho wa mwaka, nikapata nafasi ya kufundisha, nikafundisha kemia maisha yangu yote, na kila mwaka niliwasimulia wanafunzi habari za ile plastiki. Sehemu moja sikuisimulia. Mzee yule alinipa kazi nilipokuwa sina pa kushika, nami nikamtazama usoni nikamdanganya, na uongo huo nikauacha usimame asubuhi tatu mfululizo. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia, na kumwambia kungekuwa kuvunja ahadi niliyompa mkewe. Nimelizungusha hilo kichwani miaka yote hii, nikitafuta upande wake usio na lawama.

Jioni ile ya arobaini, wageni walipopungua, Sakina alinishusha ngazi. Alisema anataka kunionyesha kitu kabla wanunuzi hawajaja. Akapiga magoti kwenye ngazi ya tatu, akachomeka ufunguo, na ubao ukafunguka, na hapo ndipo nililisikia lile jambo nililosema sikulisikia. Haukulia. Katika nyumba yenye milango minane inayolia, ule ubao ulifunguka kimya kama kope. Ndani, kwenye kona, kilikuwa kimesimama kikopo cha mafuta ya cherehani, mdomo wake umepinda.

"Baba alikigundua kitundu hiki akisaka panya, msako ulipokwisha kabisa," Sakina alisema. "Kila masika mama akienda sokoni, baba anapaka mafuta bawaba, mimi namshikia tochi. Nilikuwa mdogo. Akanikataza nisimwambie mama. Kikopo nimekiweka humo mimi jana, nilipozipaka bawaba mara ya mwisho."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mkewe tu kwamba anajua.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, mama yako akijua kwamba najua, ataanza kujiuliza kama nilijua siku ile nilipoapa."

"Kwa hiyo siku zile tatu, aliponiuliza dramu iko wapi..."

"Anti wewe," alisema, akitumia neno la bintiye kunitania. "Alikuwa ameikalia. Aliniambia anailinda mpaka ipone, na nisikucheke kwa sababu una wasiwasi wa kutosha."

Niliketi kwenye ngazi ya tatu. Naila alitushukia na vikombe vya chai ya tangawizi, akaniwekea mkononi kile kipande chake cha plastiki, akasema nibaki nacho, na kwamba hiki hakiogopi jua kabisa. Nikamwambia najua, nikakifunga kwenye ncha ya kanga. Kisha nikanywa chai yangu yote ingali moto.